Jua iko inje, mutoto iko mu nyumba

Ndugu musomaji, pengine umekwisha kuona jambo hili katika mutaa wako. Watoto wawili wamezaliwa mwezi mumoja, ku avenue moja. Kisha mwaka na nusu, mumoja anakimbiza kuku katika lupango, mwingine angali anakaa pale mama yake amemuweka. Ukimusimamisha, miguu inalegea, naye anaanza kulia. Meno yamechelewa kutoka. Kichwa kinaonekana kikubwa, tumbo limetokea mbele. Na siku anapoanza kutembea, miguu inapinda sawa upinde.

Basi midomo ya majirani inafunguka. "Ule mutoto haiko ya bure." "Ni nkambo yake wa mu kijiji amemufunga miguu." "Mumupeleke kwa nganga, mutajua mwenye anafanya vile." Feza kidogo ya mushahara inatoka, mbuzi anauzishwa, jamaa inaanza kugombana. Na wakati mwingine mambo yanageuka vibaya zaidi: mutoto mwenyewe ndiye anaitwa ndoki.

Kumbe mara nyingi ugonjwa huu uko na jina, uko na sababu, na uko na dawa. Wanganga wanauita rashitismi. Maana yake ni kwamba mifupa ya mutoto haikukomaa sawasawa, imebaki laini. Sababu zake mbili kubwa ni ukosefu wa vitamini D, ile ambayo mwili unaitengeneza kwa nguvu ya jua, na ukosefu wa kalsiumu katika chakula.

Hapa najua utaniuliza: "Ukosefu wa jua? Hapa kwetu? Jua linatuchoma tangu asubui mupaka mangaribi!" Ulizo lako ni la maana sana, tena ndilo limenifanya niandike habari hii. Tulijibu pamoja polepole.

Mufupa unajengwa sawa nyumba

Gusa sikio lako. Linapinda, kisha linarudi fasi yake. Mufupa wa mutoto, pale unapokomalia, uko laini karibu namna ile. Ili ugeuke kuwa mugumu, unahitaji simenti. Simenti hiyo ni kalsiumu pamoja na fosfori, na zote mbili zinatoka katika chakula.

Lakini simenti haiingii yenyewe ku shantie. Chakula kikifika katika matumbo, kalsiumu inasimama ku mulango. Vitamini D ndiyo mulinzi mwenye ufunguo. Akiwa pale, mwili unakamata karibu 30 mupaka 40 kwa 100 ya kalsiumu iliyo katika chakula. Akikosekana, unakamata 10 mupaka 15 tu kwa 100. Ile ingine inapita na kutupwa inje.

Kwa hiyo nyumba inaweza kubomoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza: kamio ya simenti imefika, lakini mulinzi hayuko. Njia ya pili: mulinzi yuko na ufunguo wake, lakini kamio haifike. Shika vizuri mufano huu, tutaurudilia.

Mulinzi huyu anatoka wapi? Chakula kinatoa vitamini D kidogo tu: samaki wenye mafuta sawa vile Thomson, kiini cha yai, maini. Sehemu kubwa inatoka katika ngozi. Jua likigusa ngozi wazi, ngozi inatengeneza vitamini D, damu inaibeba, kisha maini na figo zinaimaliza ili ianze kazi.

Na maziwa ya mama? Hayo ni chakula bora cha mutoto muchanga, hakuna kingine cha kuyashinda. Lakini yana vitamini D kidogo sana. Usikosee hapo: hatusemi mama aache kunyonyesha! Tunasema maziwa ya mama na jua ni ndugu wawili, kimoja hakichukui fasi ya kingine. Tena mutoto anazaliwa na akiba aliyopewa na mama yake katika mimba. Mama aliyejifungia katika nyumba miezi yote ya mimba anamupa mutoto mufuko mutupu.

Barua za mumisionere mumoja

Jambo hili la jua lilichelewa kujulikana. Katika mwaka wa 1650 munganga Francis Glisson aliandika kitabu kizima juu ya rashitismi huko London. Miaka mia mbili kisha, ugonjwa ulikuwa umejaa katika miji mikubwa ya Uingereza. Ilikuwa miji ya viwanda, yenye nyumba za kubanana na njia nyembamba, na moshi wa makala ya mawe ulifunika mbingu. Watu walisema: ni umaskini, ni uchafu, ni chakula kibaya.

Lakini munganga mumoja mumisionere, jina lake Theobald Palm, alitumika katika muji wa Niigata, Japani, katika miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880. Kule aliona watoto maskini wengi, lakini hakuona miguu iliyopinda. Aliporudi Uingereza, alishangaa kuikuta kila fasi. Akafanya jambo rahisi: aliandikia barua wamisionere wenzake katika inchi nyingi, kama vile China na India, akiwauliza, "Huko munaona ugonjwa huu?" Majibu yakafika. Fasi nyingine watu walikuwa maskini kupita wale wa London, walikula kidogo, waliishi katika uchafu, lakini miguu ya watoto wao ilinyooka, kwa sababu waliishi inje, katika mwangaza.

Mwaka wa 1890 Palm aliandika wazi kwamba sababu kubwa ni kukosa jua, akashauri watoto wapelekwe inje. Wengi hawakumusikia. Ilingojea mupaka 1919, wakati munganga Kurt Huldschinsky wa Berlin alipowaponyesha watoto wenye rashitismi kwa taa yenye mwangaza uliofanana na ule wa jua. Aliangaza mukono mumoja tu wa mutoto, na mufupa wa mukono wa pili ukapona vilevile! Hapo watu wakatambua kwamba kuna kitu kinachotoka katika ngozi na kutembea katika damu. Miaka hiyohiyo, kule Vienna, Harriette Chick na wenzake walionyesha kwamba mafuta ya maini ya samaki yanafanya kazi sawa na jua. Mwaka wa 1922 kitu hicho kilipewa jina: vitamini D.

Unaona, musomaji? Mutu mumoja, kalamu na barua, na kuangalia kwa macho. Angekubali maneno ya "ni umaskini tu", pengine tungechelewa zaidi.

Jua liko, lakini halifike ku ngozi

Sasa turudi ku ulizo lako. Jua linaweza kujaa mu lupango, na mutoto asipate hata kidogo. Addis Abeba, muji mukubwa wa Ethiopia, ni inchi ya jua sawa kwetu. Lakini mama wengi kule wanamufunika mutoto muchanga kabisa na kumuweka ndani, wakiogopa jicho baya na upepo. Mwaka wa 1997 wanganga wa kule walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa chini ya miaka 5. Kati ya watoto 500 waliokuwa na ugonjwa wa mapafu, 210 walikuwa na rashitismi. Kati ya watoto wengine 500 wasiokuwa na ugonjwa wa mapafu, 20 tu ndio walikuwa nayo. Maana yake ni kwamba mbavu laini hazisukumi hewa vizuri, na kifua kinashindwa kujitetea. Kwa hiyo rashitismi si mambo ya uzuri wa miguu tu. Inaweza kuondoa uzima.

Na kwetu sisi watu wa migodi? Tuangalie nyumba zetu bila kuhukumiana.

Baba anatumika usiku na kulala muchana. Nyumba inafungwa ili watoto wasipige makelele. Mama anaondoka mapema kwenda ku soko, ao kuosha na kuchagula mawe. Mutoto anabaki na dada yake wa miaka 8, na mulango unafungwa na kifuli juu ya kuogopa wezi. Jumba ni ndogo, dirisha ni moja. Mutoto akibebwa ku mugongo, anafunikwa na kitenge kizima, kofia mupaka ku macho, soksi ku miguu. Katika mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi inauma asubui, anavikwa tena zaidi. Na kama nyumba iko kando ya barabara ya makamio, mama anaogopa vumbi.

Kuogopa vumbi ni haki, mama! Vumbi ya migodi ni mbaya kwa mutoto. Hatukuambii umukalishe ku ukingo wa barabara ao ku mulima wa takataka za kiwanda. Tutaona chini namna ya kufanya.

Ujue vilevile mambo mawili. Jua linalopita katika kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D, kwa sababu kioo kinazuia nguvu ile inayohitajiwa. Na ngozi nyeusi ni zawadi inayotulinda na kuchomwa, lakini inahitaji muda murefu zaidi katika jua kuliko ngozi nyeupe ili itengeneze kipimo kilekile.

Na pale mulinzi yuko, lakini kamio haifike?

Twende Jos, katika Nigeria. Jos ni muji wa migodi kama yetu. Zamani ulijulikana sana kwa bati. Kule watoto wanacheza inje katika jua, hata hivyo rashitismi ilikuwa nyingi. Wanganga walichunguza watoto 123 wenye ugonjwa huo, na kutangaza matokeo mwaka wa 1999. Watoto walikuwa wanakula hasa nafaka, na kalsiumu waliyopata ilikuwa karibu miligramu 200 tu kwa siku. Wengine walipewa vitamini D peke yake, wengine kalsiumu peke yake, wengine zote mbili. Ni nani walipona vizuri zaidi? Ni wale waliopewa kalsiumu, pamoja na vitamini D ao bila hiyo. Vitamini D peke yake ilisaidia kidogo kuliko zile njia zingine.

Angalia sahani yetu sasa. Bukari ya mahindi asubui, bukari ya mahindi mangaribi. Mutoto akiacha maziwa ya mama, anapewa buyi ya unga na sukari tu. Mahindi yana kalsiumu kidogo, tena yana kitu kinachoshika kalsiumu ili isiingie mwilini. Ng'ombe wa maziwa kwetu ni wachache, na maziwa ya boite ni bei kali.

Lakini kuna habari njema. Katika mwaka wa 2015 wanganga wa Jos walitangaza jaribio lingine: samaki kavu waliosagwa pamoja na mifupa yao walisaidia kuponyesha rashitismi sawa vile kalsiumu ya chokaa iliyotengenezwa. Samaki hao tunawajua! Ndakala na fretini ziko ku soko letu kila siku. Shida ni moja: baba ndiye anakula samaki, mutoto anapewa mchuzi.

Alama za kuangalia

Kwanza, usiogope bure. Watoto wengi wa chini ya miaka 2 wako na miguu inayopinda kidogo, na inanyooka yenyewe. Lakini peleka mutoto kwa munganga ukiona:

– kifundo cha mukono kimevimba, sawa mutoto ana vifundo viwili;
– vinundu ku mbavu, mbele ya kifua, vinavyopangana sawa shanga za rozari;
– utosi unachelewa kufunga, meno yanachelewa kutoka;
– mutoto hakai ao hatembei wakati wenzake wanatembea, ao analia ukimushika miguu;
– miguu inazidi kupinda, ao inapinda upande mumoja tu;
– kikohozi na ugonjwa wa kifua vinarudi kila mara.

Mutoto aliyekosa kalsiumu sana katika damu anaweza kukauka mwili na kutetemeka, ule ugonjwa watu wanaita "ndege". Malaria na magonjwa mengine ya kichwa yanaweza kuleta jambo lilelile. Hapo usichanje, usimuwekee moshi, usingojee kesho. Kimbia ku hospitali.

Tufanye nini?

1. Umutoe inje. Chagula lupango la ndani, mbali na barabara ya makamio. Mwanga maji chini ili vumbi itulie. Umuvue nguo, mikono na miguu na mugongo vipate jua. Asubui mapema kabisa, wakati kivuli chako ni kirefu kukupita, jua halina nguvu ile. Wakati kivuli kimekuwa kifupi kuliko wewe, ndipo ngozi inatumika. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka wa 1985 ulionyesha kwamba watoto wenye ngozi nyeupe walitosheka na nusu saa kwa juma moja wakivaa kashe-seksi tu, ao saa mbili kwa juma moja wakiwa na nguo lakini bila kofia. Watoto wetu wanahitaji zaidi ya pale. Dakika chache kila siku ni bora kuliko kumuanika siku moja mupaka anaumia. Usimuache alale katika jua kali, weka kivuli ku uso wake, na umunyonyeshe.

2. Watoto wenye ualbino wasifanyiwe hivi. Ngozi yao inaungua upesi, na kansa ya ngozi inawangojea. Wao wafunikwe, wavae kofia, na munganga atawasaidia kwa njia nyingine.

3. Saga ndakala. Kausha vizuri, twanga pamoja na kichwa na mifupa, chunga. Tangu mutoto anapoanza kula, kisha miezi 6, tia kijiko cha unga huo katika buyi yake. Ongeza sombe, majani mengine, maharagi, na yai wakati linapatikana. Mama mwenye mimba naye ale hivyo. Lakini udongo na pemba visiwe dawa ya kalsiumu: udongo wa fasi za migodi unaweza kubeba metali zenye kuua polepole.

4. Usikose siku ya kupima watoto kilo. Uliza munganga juu ya matone ya vitamini D. Wataalamu wa inchi nyingi walipatana mwaka wa 2016 kwamba kila mutoto, tangu kuzaliwa mupaka mwaka mumoja, apewe yuniti 400 kwa siku. Asiyeyapata, jua linabaki rafiki yake.

5. Usinunue sindano ku soko. Vitamini D ikizidi, kalsiumu inajaa katika damu na kuharibu figo. Katika Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto wachanga waligonjwa kwa sababu maziwa na vyakula vingine viliongezwa vitamini D nyingi mno. Dawa ya munganga ina kipimo. Ya muchuuzi haina.

Mutoto akipata dawa angali mudogo, mara nyingi miguu inanyooka yenyewe namna anavyokomaa. Akicheleweshwa, pengine itaomba kupasuliwa. Na kwa binti, mifupa ya nyonga iliyoharibika utotoni inaweza kumuletea hatari siku ya kuzaa. Siku chache za kuchelewa kwako leo, yeye atazilipa kisha miaka 20.

Usimuite ndoki

Wazazi, na ninyi vijana munaopenda kurudilia maneno ya mutaa, sikieni. Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kabisa kumushitaki mutoto kwamba ni ndoki, na kuna azabu kwa anayefanya hivyo. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, tungejibu nini siku mutoto anakuja kuwa mukubwa na kutuuliza? "Miguu yangu ilikosa jua na samaki, ninyi mukanipa fimbo na njaa?"

Kama jirani yako ana mutoto wa namna hii, usipite ukinyamaza. Ingia, salimia, ukae. Umwambie mama: "Dada, twende kesho ku kituo cha afya, nitakusindikiza. Na huyu mutoto, tumukalishe kwanza inje." Neno hilo dogo linaweza kumuponyesha kuliko mbuzi kumi za nganga.

Kesho asubui, wakati kivuli kinaanza kuwa kifupi, fungua ule mulango.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa
1. Mutoto mudogo wa nyumba yetu anakaa inje muda gani kila siku? Nani anamuangalia?
2. Samaki ikipikwa kwetu, mutoto anapata sehemu gani?
3. Lupango letu, ao la jirani, lina fasi safi isiyo na vumbi? Tunaweza kuitengeneza namna gani?
4. Tulikwisha kusema neno baya juu ya mutoto mugonjwa? Tufanye nini ili kulirekebisha?